Mashine ya Urban na Mtamba wa Zawadi

Hakuna tapeli aliyezaliwa Mbulu wala Hanang anayeweza kunidanganya mimi. Nasema hivyo kwa kujiamini kabisa, maana mwezi uliopita nilinunua miwani ya kusomea kwa kijana mmoja mpole sana, nikafika nayo nyumbani, nikapitisha kidole mahali pa kioo, kikatokea upande wa pili. Tuyaache hayo. Habari yetu ni ya Urban.

Urban alikuwa mtu wa Mbulu mjini, shati limenyooshwa, ulimi umenyooshwa zaidi, kazi yake haijulikani. Siku moja alipanda mlima hadi kijiji cha Tumati kutafuta vitunguu saumu vya bei ya huruma, akakuta kwa mama mmoja mzee, Natalia, kitu kilichomsahaulisha vitunguu. Lilikuwa debe lililolazwa, ndani limewekwa vipande vya tairi, nje pedali ya baiskeli. Natalia alimimina vitunguu, akazungusha pedali, punje za kupanda zikamwagika zimeachana, hata moja haijachubuka. Kazi ya wanawake sita ya kutwa nzima, yeye aliimaliza kabla chai haijachemka.

 Mjini Urban alikuwa ameona tangazo: maonyesho ya wakulima, na mbunifu bora atapewa mtamba wa maziwa, tena mwenye mimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umefuata bei, haijashuka tangu ulipoanza kupanda mlima."

"Mama, mashine hii inaitwaje?"

"Inaitwa 'nisogezee hicho.'"

"Hapo ndipo tunapokosea!" Urban alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Kitu kisicho na jina la mtu ni kama hakipo. Unamjua Edison wa taa ya umeme?"

"Shuleni walituambia ndiye aliyeitengeneza."

"Wenzake walishaziwasha kabla yake! Na Watt wa injini ya mvuke? Aliikuta ya Newcomen inafanya kazi, yeye akaiboresha. Leo Watt ameandikwa mpaka kwenye balbu yako. Newcomen nani anamtaja?"

Natalia alifikiri kidogo. "Na huyo Newcomen, alishiba?"

"Alishiba vipi?"

"Jina lake sikuulizi. Nauliza kama alikula."

Urban hakujua, na jambo asilolijua alikuwa na tabia ya kulivuka kama dimbwi. Alisema kwa huzuni ya mazishi kwamba dunia haina haki, na ndiyo maana yeye amejitolea kuibeba mashine hii na kuiandika jina, asije mtu wa Arusha akaiwahi.

"Jina gani?"

"La kwangu, mama. Kwa muda tu."

"Chukua, mwanangu. Mimi nilishabatizwa, jina ninalo."

Urban aliteremka akicheka peke yake. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwibia mtu akamsaidia na kufunga mzigo.

Siku ya maonyesho debe liling'aa kwa rangi nyekundu: MASHINE YA URBAN. Mkuu wa waamuzi alikuwa Agripina, afisa mifugo aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba. Urban alimweleza jinsi alivyoumiza kichwa miaka mitatu kwa ajili ya akina mama wa nchi hii. Kisha akamimina vitunguu, akazungusha. Mashine ilikohoa, ikatema uji mzito wa kitunguu saumu juu ya viatu vya mgeni rasmi.

Natalia alijitokeza kwenye umati, akajifanya anamrekebisha Urban kola.

"Majivu, mwanangu. Vitunguu hivi havijakauka. Usiponyunyiza majivu unapata mchuzi."

"Yako wapi?"

"Mkobani mwangu. Ila huyo mtamba utamfunga wapi, kwenye chumba chako cha kupanga? Muweke kwangu kama watu wanavyowekeana. Mwenye ng'ombe anabaki na jina na ndama, mtunzaji anakunywa maziwa."

"Haya, haya! Toa majivu!"

Punje zikamwagika safi, watu wakapiga makofi. Mtamba, mweusi mwenye mabaka meupe, akaenda Tumati. Urban alipiga hesabu zake: akishazaa, anawafuata mama na mtoto, anawauza mnadani siku hiyohiyo.

Mashine nayo ilienea. Mafundi waliiga, na kila mahali ikaitwa Urban. Mpaka Endagikot ungesikia mwanamke akimwita mwenzake: "Urban amekwama tena, njoo umpige teke!" Mwenyewe alijisikia mkubwa, mpaka alipoona mateke ni mengi kuliko heshima.

Miezi ikapita, Agripina akatuma ujumbe. Anakuja Tumati kumkagua ng'ombe. Mshindi akimwonyesha katunzwa vizuri, ng'ombe anaandikwa kuwa wake moja kwa moja. Akishindwa, anaandikwa kuwa wa mtunzaji. Urban alipanda mlima mbio, akamkuta Natalia anachambua maharage.

"Mama, ng'ombe wangu yuko wapi?"

"Nimemweka kwa watu."

"Watu gani?"

"Wewe ni mtu wa huku kweli? Tangu lini mtu anatangaza ng'ombe wake kalala kwa nani?"

Kwa Herman, kaka yake Natalia, kule Mogitu, ndiko ng'ombe alikolala. Lakini hata Urban angelia machozi, pale Tumati hakuna ambaye angemtajia. Ng'ombe waliowekwa hawasemwi.

Gari likaunguruma nje. Urban alichungulia zizi la ndani, kwenye giza, akaona mgongo mweusi wenye baka jeupe, mnyama anacheua kwa amani. Akajua ndiye wake.

"Ndugu Urban!" Agripina alishuka garini. "Mtamba wetu ameshazaa?"

"Amezaa, afisa! Ndama yuko malishoni. Mama yake huyo hapo ndani, mpole kama mtoto."

"Nani anamkamua?"

"Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Asubuhi lita nane, jioni sita. Hata leo nimetoka kumkamua sasa hivi. Bila kumwimbia hatoi."

Natalia aliinamia maharage yake, mabega yakimtikisika.

Agripina aliingia zizini, akawasha tochi ya simu, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu.

"Ndugu Urban," alisema, "hizo lita nane umezikamua wapi? Huyu ni dume."