Siku Kosa Lilipopotea Suna

Njooni, enyi mliokwisha kusimuliwa vita vya wafalme mkasinzia. Sogezeni viti, wekeni bakuli chini, na mwenye kikohozi na akohoe sasa, maana haya nisemayo hayakatizwi kwa kikohozi. Nawaletea habari za Nyanchoka binti Ogeto, Mshika Bika, Mpasha Maji, aliyesimama Ijumaa moja ya miaka ya tisini katika shule ya kutwa ya wasichana pale Suna, akapambana na uvivu wa vitu vyote vilivyoumbwa, akaushinda kwa maji ya kunywa. Waliokuja kusikia habari za mikuki, mlango ni ule pale.

Siku hizo Migori ilikuwa bado mbichi katika cheo chake cha wilaya, na wakubwa wengine tuliendelea kuwaagiza Homa Bay kama watu wanavyoagiza samaki. Shuleni alitawala Mwalimu Mkuu Mayaka, Simba wa Bajeti, Mfunga Makabati, mtu aliyeweza kuvunja kipande cha chaki, akawagawia walimu watatu, na wote wakasema asante. Ndiye aliyetoa ile amri tukufu: asidi ya maabara ikipungua chupani, iongezwe maji. Ikaongezwa. Ikapungua, ikaongezwa tena, muhula baada ya muhula, vile vile wauza maziwa wengine wa njia ya Awendo wanavyoyazidisha maziwa yao, hata ile asidi iliyoumbwa kula chuma ikawa ya kumwogeshea mtoto mchanga asilie. Kisha yule yule Mayaka akashangaa, jamani, kwa nini majaribio ya kemia hayafaulu.

"Kemia imetushinda," akatangaza gwarideni, mkono kifuani. "Mimi kama baba yenu sitaona wasichana wangu wakiteseka na machupa yasiyotii. Maabara itafungwa iwe chumba cha cherehani, na kidato cha tatu watasoma sayansi kimu. Bwana Afisa wa Elimu anakuja Ijumaa. Atajionea kosa kwa macho yake."

Wengine walipiga makofi. Nyanchoka hakupiga. Yeye alikuwa na tamaa moja ya ajabu, kubwa kuliko kimo chake: alitaka kuwa mfamasia, kukaa upande wa ndani wa lile dirisha la dawa la hospitali ambako watu hunyoosha mikono na kungoja. Bila kemia angelitazama dirisha hilo kutoka nje maisha yake yote. Hilo lilimuuma mpaka chakula kikamshinda.

Jemadari wake alikuwa Mwalimu Bichage, Msabato wa damu, asiyegusa majani ya chai, na ambaye kila asubuhi alifika na thamosi ya maji matupu, ya moto, akayanywa polepole kana kwamba yana ladha. Ofisini walimu walikufa kwa kicheko. "Mwalimu, leo umeyapika na nini hayo?" wakamuuliza. Naye hujibu bila kuudhika, "Na moto." Basi kila mtu hucheka tena, maana elimu ya watu wengine ni pana kiasi hicho.

Wiki ile aliwafundisha kasi ya mmenyuko, yaani vitu viwili vikikutana vinachukua muda gani kugeuka kitu kingine. Akawaambia wafikirie soko la Suna. "Chembe ni watu," alisema. "Wakiwa wachache uwanjani hawagongani, hakuna linalotokea. Wajaze, watagongana. Na hata wakiwa wachache, wakimbize kwa joto: mbio zenyewe zitawagonganisha, tena kwa kishindo." Nasteha binti Mohamednur, ambaye babake ana duka la jumla pale mjini, alisema hiyo anaijua, ndiyo siku ya mnada.

Ijumaa ikafika. Afisa Oyaro, aliyetarajiwa asubuhi, akachelewa, kwa kuwa lori la miwa lilikuwa limemwaga shehena yake barabarani Awendo na taifa lote likasimama kutafuna. Alipoingia maabara jua lilikuwa limekwisha kuinama. Hapo ndipo hatari ilipozaliwa, enyi wasikilizaji. Jua la Ijumaa likizama, Sabato imeingia, na Bichage hangegusa chupa wala chaki hata kwa amri ya rais.

"Tuanze," alisema, akitazama dirishani.

Nasteha akashika kalamu nene ya babake, ile ya kuandikia bei kwenye magunia, akachora katika karatasi mistari miwili iliyokatana. Afisa akauliza ni alama gani hiyo.

"Ni kosa, Bwana Afisa," alisema Nasteha. "Kama lile tunawekewa kwa daftari."

Bika, ile bilauri ya kioo ya maabara, lenye maji ya dawa iitwayo thayosalfeti likasimamishwa juu ya kosa. Nyanchoka akamimina asidi. Kwa mujibu wa vitabu, salfa ingezaliwa humo ndani, maji yageuke ukungu wa manjano, na kosa lililo chini lisionekane tena kwa anayechungulia kutoka juu. Kwa mujibu wa amri ya Mayaka, halikutokea lolote. Majeshi mawili yalikutana uwanjani, yakasalimiana, yakakaa kivulini.

Wakangoja. Afisa akachungulia. "Hii kosa bado inaonekana, omera, ndugu yangu."

"Bado kabisa," alisema Mayaka, na furaha ikamkaa usoni kama bwana harusi. "Inaonekana kushinda jana."

Jua likashuka. Bichage akaanza kukunja mikono ya shati, akakunjua, akakunja. Nyanchoka aliliona dirisha lake la dawa likifungwa pole pole, na mkono uliokuwa ndani ulikuwa wa mtu mwingine. Akaogopa sana. Kisha akawaza: watu ni wachache uwanjani, sawa, na asidi nyingine hakuna. Basi na wakimbizwe.

Akageuka. Akanena, na nawaombeni mkae wima hapa, maana ndiyo hotuba.

"Mwalimu, samahani. Ile thamosi yako bado iko na maji?"

Ofisi nzima ya walimu, iliyojazana mlangoni kushuhudia maziko, ikacheka. Bichage hakucheka. Alikwenda mbio, akarudi nayo, akaikabidhi kwa mikono miwili. Nyanchoka akamimina yale maji ya kudharauliwa katika karai, akasimamisha humo bika jipya la thayosalfeti, kando yake chupa ya ile asidi ya mtoto mchanga, akangoja vipate joto huku jua likigusa vilima. Akalitoa bika, akalifuta, akaliweka juu ya kosa. Akamimina.

Loo, pale palikuwa na vita. Kwanza ukungu mwembamba, kisha mzito, kisha uji wa manjano, na harufu ya kiberiti ikapanda ikawafukuza mlangoni wale mashujaa wa kucheka. Afisa Oyaro alivaa miwani, akainama mpaka tai ikagusa meza.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "uliniita kutoka Homa Bay nikuje nione kosa."

"Ndiyo, Bwana Afisa."

"Nimeinama. Nimevaa miwani. Sioni kosa."

"Liko chini hapo," alisema Mayaka, na sauti ilimtoka nyembamba. "Si uinue hilo bika?"

"Mimi nasema nachoona. Hakuna kosa hapa. Hii maabara ikae, na mwambie mtu anunue asidi."

Bichage alikuwa tayari nje, thamosi tupu kwapani, akikimbilia Sabato yake kwa kasi ambayo hakuna aliyeipima. Mayaka hakushindwa, wakubwa hawashindwi. Jumatatu yake alisifu gwarideni uongozi uliofanikisha jaribio, akaagiza thamosi ya Mwalimu Bichage iwe mali ya maabara, na maji yake ya moto yakipungua, yaongezwe baridi.

Na iandikwe basi, waliokwisha kuandika habari za miji iliyotekwa waipishe nafasi: kwamba pale Suna msichana alifuta kosa bila kugusa karatasi. Jioni ile, walipokwisha kutawanyika, Nyanchoka alibaki kuosha vyombo. Aliliinua bika akaikuta ile alama chini, nyeusi vile vile, haikuwa imekwenda popote. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akafunga dirisha la maabara kutoka ndani.