Malalamiko Kuhusu Bunduki ya Risasi Moja na Ombi la Kunusuru Shati la Baba

Leland Ruona
S.L.P. 14, Bonde la Otter, Michigan
Jumanne, Novemba 18

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Wawindaji,
Gazeti la Sauti ya Bonde.

Ndugu Mhariri,

YAH: BUNDUKI YA RISASI MOJA ULIYONISHAURI NINUNUE, NA SHATI LA MAREHEMU BABA YANGU

Kichwa cha habari hapo juu nimekiandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimekasirika. Hata hivyo natumaini wewe na familia hamjambo, na kwamba lile goti lako linaendelea vizuri.

Mimi ni msomaji wako wa miaka mingi, dereva mstaafu wa gari la kusukuma theluji. Mwezi wa tisa uliandika kwamba mtu wa kipato cha kawaida anayetaka kuwinda kulungu hana haja ya bunduki ya fahari. Anunue ile ya risasi moja, ukasema, inayovunjika katikati kwenye bawaba; unatia risasi kwa mkono, unaifunga, basi. Ni nyepesi, haina vitu vingi vya kuharibika, na bei yake ni nusu ya hizo nyingine. Niliikata makala ile nikaenda nayo dukani kwa Orrin Lahti, nikamsomea yote pale kaunta huku watu wamepanga foleni, kisha nikachagua ya bei ya chini kabisa kati ya tatu alizokuwa nazo. Orrin aliniambia, "Leland, ongeza kidogo uchukue hii yenye mpira kwenye kitako, bega lako litakushukuru." Nikamjibu kwamba bega langu halijaandika makala gazetini.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hukutaja nyundo. Bunduki hii haifyatuki mpaka uvute nyundo yake kwa kidole gumba. Dukani, redio ikiwa inaimba na watu wanabishana kuhusu mpira, nyundo haisikiki. Lakini asubuhi ya Jumamosi, siku ya kwanza ya msimu, pori zima likiwa kimya kwa baridi, niliivuta ikalia ka! kama kiti kilichovunjika chini ya mtu mnene. Dume la kulungu mwenye pembe za matawi manane akainua kichwa, akanitazama. Nilifyatua, nikakosa. Alikuwa hatua ishirini, Mhariri. Nilizipima baadaye kwa miguu yangu mwenyewe, na kwa bahati mbaya binamu yangu Rodney alizipima pia.

2. Risasi yenyewe ni moja. Najua uliliandika hilo, tena kwenye kichwa cha makala, ila sikulitafakari. Bunduki yangu ya zamani ilibeba tano. Ukikosa ya kwanza unaendelea, pam, pam, pam, na wenzako kambini wakisikia wanasema, "Leland kakutana na kundi." Ukirudi mikono mitupu unasimulia upepo, miti na mbio za wanyama, watu wanakumiminia kahawa wanakupa pole. Safari hii bonde zima lilisikia pam moja, halafu kimya. Kila mtu akajua mnyama yuko chini. Rodney akaja na kamba ya kumburutia, na jikoni kikaango kikawekwa motoni na vitunguu vikakatwa kwa ajili ya maini. Maini yenyewe yalikuwa bado yanatembea.

3. Yalikuwa yanatembea, nasema, kwa sababu dume hakukimbia. Alisimama palepale. Nadhani naye amezoea bunduki za risasi tano na alikuwa anangoja nne zilizobaki. Nilipoivunja bunduki ili nitie risasi nyingine, ganda la ile ya kwanza liliruka likaniingia kwenye kola likiwa bado la moto. Nilipomaliza kucheza, mnyama alikuwa ameshaondoka.

4. Hapa nakuomba uvute kiti. Unajua desturi ya kambi za huku: anayekosa kulungu anakatwa mkia wa shati, kile kipande cha nyuma kinachochomekwa ndani ya suruali, na kipande kinapigiliwa ukutani pamoja na jina lake na mwaka. Mimi niko kwenye ukuta ule mara kumi na moja. Sijawahi kulalamika, kwa kuwa kila msimu navaa shati bovu makusudi. Lakini mwaka huu uliandika kwamba mwenye risasi moja hujifunza kuitumia vizuri, nami nikakuamini kiasi kwamba nilivaa shati la sufi, jekundu na jeusi, la baba yangu, Onni Ruona, aliyewinda na kambi yetu misimu arobaini na minne. Kila Novemba baba alisimama mezani, akatugeuzia mgongo tuone, akasema, "Shati hili halijawahi kuonja mkasi." Nililitoa sandukuni kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Bado linanuka tumbaku yake. Nilitaka anione, Mhariri, na sioni haya kuliandika.

Mwenye mkasi kambini ni Shangazi Lempi, dada yake baba, mpishi wetu, mwenye umri wa miaka themanini na sita. Nilimwambia, "Shangazi, hili ni la kaka yako." Akasema, "Nalijua. Geuka." Nikamsihi. Akasema, "Mkasi wangu haujui baba ya mtu, Leland. Hatua ishirini? Mimi ningempiga kwa mwiko." Rodney alicheka mpaka akatoka nje. Nilichopata ni muda tu: hukumu itatekelezwa Jumamosi jioni baada ya kuoga mvuke kwenye sauna, kambi nzima ikiwapo.

5. Jumapili mke wangu Darlene alichukua bunduki hiyohiyo, akakaa palepale nilipokaa, akampiga dume yuleyule kwa risasi moja. Hili silitoi kama ushahidi. Nalitaja tu kwa sababu utalisikia kwa wengine.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima zote kwamba katika toleo la Ijumaa utangaze kuwa risasi moja ni jaribio, na kwamba ili mtu ahesabiwe amekosa ni lazima awe amekosa walau mara mbili. Pia naomba gazeti lako liishawishi wilaya impe kila mnunuzi wa bunduki hii risasi nne za baruti tupu za kupiga hewani baada ya kukosa, kwa ajili ya kulinda heshima yake kambini. Ikiwa yote hayo yatashindikana, basi wewe mwenyewe, kama mshauri wangu, ufike Jumamosi saa kumi na mbili jioni ukiwa umevaa shati lako. Lisiwe la kubana, Shangazi anapenda kipande kirefu.

Nisalimie mkeo, wachapishaji, na yule dada wa matangazo madogo aliyeniuzia buti. Darlene anawasalimu. Nyama ipo, karibuni.

Ni mimi, mtiifu kwa sheria zote za uwindaji isipokuwa moja,

Leland Ruona

Baada ya sahihi: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua leo Jumatano. Darlene alikuwa anashona kifungo cha shati la baba akaona uzi wa nyuma haufanani na mwingine. Mkia wote ni wa kitambaa kingine cha rangi zilezile, umeungwa kwa mkono, kwa mishono midogomidogo ya marehemu mama. Nililibeba hadi kwa Shangazi Lempi. Alifungua kopo la kahawa, akatoa kipande cha sufi, nyekundu na nyeusi, kilichoandikwa kwa mwandiko wake: "Onni, 1961. Hatua kumi na tano. Risasi tano."

"Alinibembeleza wiki nzima nisikitundike," akasema. "Nikamwahidi sitakitundika peke yake. Nimengoja miaka yote hii ulivae hilo shati."

Kwa hiyo usichapishe ombi langu, na bunduki haina kosa. Jumamosi nitageuka bila kuambiwa, na vipande vyote viwili vitawekwa kwenye msumari mmoja, cha baba na changu. Chapisha tu, kwa herufi ndogo, kwamba hatua ishirini ni mbali kuliko kumi na tano.