Baridi Isiyo Rasmi ya Ballarat

Kurugenzi ya Makadirio ya Mahitaji ya Gesi inautangazia umma wa mji wa Ballarat, Australia, kwamba baridi ya mwaka huu itaanza tarehe ishirini na tano Aprili, Siku ya Anzac, sikukuu ya kuwakumbuka askari, kama kawaida. Baridi yoyote itakayosikika kabla ya hapo si rasmi.

Tangazo hilo aliliandika Mkurugenzi Rodney Zappala mwenyewe, na alilionea fahari. Mahitaji ya gesi, alipenda kueleza, hutokana na hali ya hewa, idadi ya watu, viwanda na bei. Lakini Ballarat kuna jambo la tano, nalo ni ubishi. Mtu wa huko hawashi hita yake ya gesi kabla ya Siku ya Anzac hata meno yakigongana. Atavaa masweta matatu na kusema hewa ni nzuri tu. Juu ya ubishi huo Zappala alijenga makadirio yake yote, na juu ya makadirio akajenga tumaini la kupandishwa cheo.

Tarehe kumi na mbili Aprili takwimu zikamuumbua. Gesi ilikuwa imetumika kupita kiasi. Kwa hasira akatia saini amri: jengo litakalobainika kuvuruga makadirio likatiwe gesi siku hiyohiyo mpaka Siku ya Anzac, bila rufaa. Hakungoja orodha ya mita za gesi. Alivaa sweta na koti, akatoka kumsaka mhalifu.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bi Noreen Tregenza, mjane wa miaka themanini na mmoja. Alikuwa jikoni, kofia ya sufu kichwani na paka mapajani. Mkurugenzi aliishika hita yake. Haikuwa na joto hata chembe.

"Unanivunjia heshima, mwanangu," alisema Bi Noreen. "Niwashe leo, majirani watanionaje?"

Mtaa mzima ulikuwa hivyo, watu wamejiviringisha mablanketi na vichwa wameviinua. Zappala alirudi ofisini amechoka, akavua koti, kisha sweta, akajifuta jasho. Karani wake, Thuy, alikuwa ameshika orodha ya mita.

"Tumempata, bosi. Jengo la ghorofa nane. Hita zinawaka tangu Machi mosi."

"Wakatieni."

"Mafundi wameshashuka kwenye chumba cha mita."

"Chumba kipi?"

"Chetu, bosi. Ulipohamia kutoka Cairns, kule kwenye joto, uliagiza ziwashwe. Ulisema vidole havishiki kalamu."

Zappala aliisoma amri upya akitafuta upenyo. Hakuuona, maana alikuwa ameiandika vizuri mno. Chini kulisikika mlio wa koki ikifungwa.

Alasiri ile mji mzima ulikuwa na habari. Bi Noreen alifika na koti zito la marehemu mumewe, akamvisha Mkurugenzi mezani pake mbele ya wafanyakazi.

"Jikaze. Zimebaki siku kumi na tatu tu. Unasikia baridi?"

Mlangoni majirani wa bibi huyo walikuwa wamejipanga, wakingoja jibu.

"Hewa ni nzuri tu," alisema Mkurugenzi, meno yakigongana.