Balaa la Treni Kuwahi

Ilikuwa Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi. Kulikuwa na mawingu mepesi, bila mvua. Kwenye benchi la kahawa katika stesheni ya pembezoni mwa jiji, Wembe, kinyozi, alisoma gazeti kwa sauti ya msiba:

"Tangu mwezi jana, hakuna treni iliyochelewa."

"Wametumaliza!" alilia Msasa, seremala.

Kipenga, aliyeruhusu treni kuondoka hapo hadi alipostaafu, aliguna.

"Stesheni ya heshima hii! Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alisubiri hadi giza, akakata utepe, akaenda zake. Treni ya kwanza ilifika kesho yake."

"Mke wangu nilimpata hapa akisubiri treni," alisema Msasa. "Ilipofika, tulikuwa tumeshachumbiana."

"Ingewahi, yule dada angesalimika," alicheka Wembe.

"Cheka tu. Wateja wako wako wapi?"

"Jana nimenyoa mtu nusu kichwa, treni hiyo! Katoka mbio na shuka langu shingoni."

Mama Birika, mwuza kahawa, alifunga kapu lake la vikombe.

"Wanangu, mimi nahama. Naenda stesheni kuu. Kule watu wanabadilisha treni, lazima wasubiri. Napanda hii ya saa nne."

Kipenga alilishika kapu. Bila benchi hilo angeshinda nyumbani, na nyumbani kulikuwa na mkewe, na mkewe alikuwa na ufagio wa akiba.

"Mama, usituache. Sisi si wateja?"

"Nyinyi? Kikombe kimoja mnakibembeleza mpaka adhuhuri kama mtoto mgonjwa!"

"Basi tunakwenda nawe!"

"Kaka," Wembe alinong'ona, "tangu lini sisi tunapanda treni?"

"Tangu leo."

Walikata tiketi, wakarudi kuketi. Punde treni ikaingia, milango ikafunguka.

"Haya, pandeni!" aliita Mama Birika, birika mkononi.

Kipenga aliinua mkono kwa mamlaka yake ya zamani.

"Tulieni. Treni nazijua mimi. Hiyo ni ya saa mbili, imechelewa kidogo. Yetu bado."

"Baba, tazama saa ya ukutani! Ni saa nne!"

"Si ndiyo hapo? Saa nne ndiyo inafika ya saa mbili."

Wembe aliafiki. Msasa alikunja nne.

Mama Birika alipanda, akaondoka. Msasa alisinzia. Wembe alifungua kurasa za michezo. Kufikia saa sita, Kipenga alikuwa bado anaisubiri treni ya saa nne, akimweleza kila aliyepita kwamba magazeti ya siku hizi ni uongo mtupu.