Mjomba wa Wote Atoa Chupa Moja

Uliupita mlango wa chumba cha kutolea damu hospitalini ukainamia simu kana kwamba imekuita. Ulionekana. Wenzako nao walipita hivyo hivyo, na hapo ndipo Mjomba wa Wote alipopata riziki.

Huyu hakuwa mjomba wa mtu. Katika hospitali ile kisu hakigusi ngozi mpaka ndugu watoe damu, basi yeye alikuwa akiwauzia wenye shida ndugu wa kukodi, kisha akiyeyuka na malipo kama chumvi mvuani.

Asubuhi moja akamwona fundi cherehani analia. Vijidudu vilikuwa vimeuvamia mshipa mkubwa wa damu kwenye paja la kaka yake, ugonjwa wa nadra, na mshipa umevimba kama puto. Daktari alikuwa tayari kukata kipande kilichooza na kuunga kingine kutoka mguu wa pili. Ukipasuka kabla, buriani. Fundi alishatoa chupa yake ya damu, bado ilipungua moja. Binamu zake saba, wote ghafla wamesafiri.

Mjomba akamwapia kumletea mpwa mwenye damu nzito kama uji, mradi ashonewe koti kwanza. Fundi akakubali upesi mno. Mama mmoja pale benchini alishamnong'oneza kwamba mpwa huyo huyo yeye anamngoja siku ya tatu.

Kesho yake fundi akamwita Mjomba aje kujaribu koti, palepale chumba cha damu.

"Vua shati, Mjomba, nipime mkono. Kaa kiti hicho, kinanyoosha bega."

Alipokaa, fundi akamgeukia muuguzi. "Dada, mpwa amekwama. Mjomba wetu kaamua kutoa mwenyewe."

Muuguzi akamuuliza kama ni kwa hiari. Mjomba akatupa jicho mlangoni. Mama wa benchini alikuwa amesimama hapo na wenzake sita, kila mmoja akimdai Mjomba mpwa aliyekwisha kumlipia. Akaipima sindano, akawapima wale.

"Kwa hiari kabisa," akasema.

Damu ikapimwa, ikafaa. Ya tapeli nayo ni nyekundu.

"Na koti langu?" akauliza kwa unyonge.

"Lina mkono mmoja. Wa pili nitaushona kaka akiamka."

Upasuaji ulichukua saa tano. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuombewa kwa bidii kama kaka yule alivyoombewa na Mjomba, akizunguka korido nzima. Kaka akaamka, mguu una joto la damu inayopita.

Mama wa benchini na wale sita bado wanangoja. Tapeli katoa chupa. Wewe mwema umetoa nini? Inuka. Kunja mkono wa shati, nenda leo, kabla mshipa wa mtu haujapasuka.