Mamlaka Kamili ya Mashimo

Serikali ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani, kwamba mgogoro wa milimani umekwisha. Watu wa milimani wangejitawala wenyewe, kikamilifu, chini ya uangalizi wa serikali.

Muafaka huo uliandikwa na Mkurugenzi wa Idara ya Majimbo, bwana aliyeamini kwamba hakuna vita isiyozimika kwa kiambatisho. Alimkaribisha ofisini kiongozi wa waasi, mama wa makamo aliyekuwa mhandisi wa barabara kabla ya kuingia msituni. Wapiganaji wake walimwita Bi Nyundo.

"Maji ya milimani ni ya nani?" aliuliza mama.

"Ya taifa. Maji hayana kabila."

"Msitu?"

"Wa taifa."

"Kodi?"

"Inakusanywa huku, kisha inarudi kwenu ikiwa imegeuka maendeleo."

"Sasa tunajitawala nini?"

Mkurugenzi alitabasamu kama baba anayegawa pipi. "Bendera. Wimbo. Na matengenezo ya barabara. Mashimo yote ni yenu, mama, hakuna atakayewaingilia."

Bi Nyundo aliivuta karatasi karibu. Alikwisha kuzika vijana wengi, mmoja wao mtoto wa dada yake, na hakutaka kuzika mwingine.

"Hayo ya kutoingiliwa, yaandike hivyo hivyo."

Mkurugenzi akayaandika, tena kwa wino mzito. Jioni alimwambia mkewe kwamba amewauzia watu mbuzi kwenye gunia.

Siku ya uzinduzi wa jimbo jipya alipanda milimani na msafara wa magari, hotuba nene mapajani. Kwenye kona ya mwisho wakakuta kizuizi. Mbele yake barabara ilikuwa imechimbwa upande hadi upande. Waasi wa jana walikuwa wamesimama ndani na makoleo, wakiimba. Bi Nyundo alikuja akijipangusa vumbi.

"Karibu, mheshimiwa. Tuko kwenye matengenezo."

"Matengenezo gani haya? Malori ya mbao yamekwama huko juu!"

"Pole. Mashimo yalikuwa mengi mno. Tumeona tuanze kwa kuyaunganisha."

"Nitaleta jeshi!"

"Litapita wapi?"

Dereva alikohoa, kwa adabu zote, kuficha kicheko.

Mkurugenzi aliufungua muafaka wake, akausoma kwa mara ya kwanza kama mtu unayemhusu. Aliuliza kazi ingekwisha lini.

"Inategemea," alisema Bi Nyundo. "Zege haliwi bila maji, na maji ni ya taifa. Hatuwezi kuyagusa."

Ikabidi apige simu kwa Waziri, ambaye mbao zile, kwa bahati tu, zilikuwa zake.

"Anataka maji," alisema Mkurugenzi.

"Mpe."

"Na msitu, na nusu ya kodi," aliongeza, Bi Nyundo akimhesabia kwa vidole.

"Wewe mpe tu, mbao zinaoza!"

Wakatia saini juu ya boneti ya gari, ingali moto. Bi Nyundo akawageukia vijana wake, machozi yakimlengalenga. Wao wakatupa makoleo, wakamkumbatia.

Kwa kuwa sherehe ni sherehe, ubao mmoja ulilazwa juu ya handaki. Mkurugenzi akavuka polepole, mikono ameitanua, viatu amevishika, huku umati ukimpigia makofi ya dhati kabisa.

"Yule nani?" bibi mmoja aliuliza.

"Mgeni wetu," alijibiwa. "Ametumwa na jimbo la huko chini."