Mechi Niliyoimaliza Kabla Haijachezwa

Jumatatu, 15 Januari 1894
Barua ya mhariri kutoka Boston. Hadithi zangu za vijana zimerudi zote mbili. Eti mabaharia wamechosha; wasomaji wanataka huu mchezo mpya wa kutupia mpira kapuni. Anataka mechi ya kweli, timu ya kweli. Nikishindwa, nisimwandikie tena. Nina miaka arobaini na sita na koti moja. Naogopa.

Jumanne, 16
Nimemaliza! Wendell, mtoto wa dada yangu Lavinia, ndiye nahodha wa timu ya mji wetu. Jumamosi wanacheza na timu ya kiwanda cha karatasi. Nimeandika kwamba Wendell amefunga bao la ushindi. Nimeshaituma, iwahi toleo la Jumatatu. Wanasema haraka haraka haina baraka. Hao hawana mhariri.

Alhamisi, 18
Nimemweleza Wendell. Kacheka mpaka kakohoa. Eti, "Mjomba, wale wametupiga mara tatu! Nani kakutuma?" Nikaenda ukumbini, roho mkononi. Makapu yamepigiliwa ukingoni mwa roshani. Anayekaa nyuma ya kapu analifikia kwa mwavuli, na hakuna sheria inayomkataza! Nina mwavuli.

Jumamosi, 20
Nilifika kabla ya wote, nikakaa nyuma ya kapu tunalolilinda. Nikapangua mipira mitatu ya adui. Baada ya mapumziko nikapangua mingine miwili. Wendell akawa ananipungia mikono huko chini. Nikadhani ananishukuru. Dakika ya mwisho, sare. Mpira ukaja umenyooka. Nikaupiga kofi la mwavuli.

Aliyetupa ni Wendell. Kumbe baada ya mapumziko timu hubadilishana makapu! Ukumbi mzima walijua, isipokuwa mwandishi wa mchezo wenyewe. Wale wakafunga upande wa pili, tukashindwa. Wendell akachukua koti lake, akatoka. Heri angenitukana.

Jumapili, 21
Lavinia hakufungua mlango. Kasema dirishani kijana hajala tangu jana, na mimi ni kaka gani. Nimekula maharagwe ya jana, baridi, peke yangu.

Jumatano, 24
Bwana Pruitt, mwenye ngazi ya kutolea mipira kapuni, amepigilia mbao nyuma ya makapu yote mawili. Mwavuli haupiti tena. Mtaani naitwa Bwana Mwavuli. Hata mchungaji kaniita hivyo.

Ijumaa, 26
Mhariri kaandika. Kapokea barua kumi na moja kutoka mjini kwetu, zote za matusi, maana hadithi ilitoka Jumatatu ikisema tumeshinda. Jina la Orrin Sprague halitachapishwa kwake kamwe. Nimelia, sioni haya kusema.

Kisha nikafikiri vizuri. Alichokataa ni jina. Nimeandika mechi ya kesho. Tumeshinda kwa mabao manne. Nimeituma mchana huu kwa jina la Wendell.